Mhariri, makanisa ya vijijini Uingereza hayajafa: waambieni watu waende Ewelme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala ya safari mliyoitoa hivi karibuni, ile ya kuwaelekeza wazazi wenye watoto wanaosoma Uingereza wakienda kwenye mahafali watembelee wapi. Mwandishi wenu kataja Westminster Abbey, kataja St Paul's, kataja Canterbury, sawa, hakuna ubaya hapo, ila alipofika kwenye makanisa ya zamani ya vijijini akayamaliza kwa sentensi mbili tu, eti ni majengo yaliyokufa, waumini hakuna, na ndani yamejaa makaburi ya matajiri waliotaka kujionyesha hata baada ya kufa. Hapo ndo nikasema hapana, hii haiwezi kupita hivi hivi.

Mimi ni fundi mwashi, kazi ya mawe na chokaa nilijifunzia nyumbani Tanga kabla sijaja huku, sasa naishi Reading. Kwa hiyo kanisa mi naanza kuliangalia ukutani, mambo ya mahubiri namwachia mchungaji. Na kanisa ninalotaka kuwaambia wasomaji wenu ni la Mtakatifu Maria, kijiji cha Ewelme, mkoa wa Oxfordshire, chini ya vilima vya Chiltern, sio mbali na mji wa Oxford ambako najua watoto wetu wanasoma wengi tu. Kijiji kidogo kweli, kijito cha maji meupe kinapita, nyumba chache, na juu kwenye mteremko kuna kanisa. Ukiliona kutoka barabarani hutashtuka, maana mnara wake ni mfupi, mnene, hauna mbwembwe. Mnara ndo sehemu ya zamani zaidi, wa karne ya 14, sehemu kubwa iliyobaki ilijengwa upya miaka ya 1430 na kitu.

Sogea karibu sasa uangalie ukuta. Eneo lile halina jiwe zuri la kuchonga, lina chaki, na ndani ya chaki kuna gumegume, yale mawe meusi magumu yenye makali. Fundi yeyote atakwambia gumegume huliamrishi, ukiligonga linapasuka linavyotaka lenyewe na kona ya mraba halikupi hata ufanye nini, kwa hiyo wale jamaa walikuwa wanalipasua mara moja wapate uso mmoja bapa unaong'aa, ule uso wanauelekeza nje, mkia wanauacha uzame ndani kwenye chokaa, alafu kwenye pembe za jengo na kingo za madirisha ndo wanaweka jiwe la chokaa lililochongwa, lililoletwa kwa gharama. Ukuta wa mashariki wakaongeza madoido, mraba wa gumegume jeusi, mraba wa jiwe jeupe, mpaka ukuta mzima unaonekana kama ubao wa drafti. Kufanya kila mraba ukae sawa na mwenzake kwa jiwe lisilokubali kuchongwa, jamani, hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira na tajiri mwenye hela. Na chokaa ile haikauki kwa siku moja, unapanda futi kadhaa unasubiri ishike ndo unaendelea, ukiharakisha ukuta unavimba tumbo, mafundi wa matumbawe wa pwani kwetu wanalijua hilo vizuri sana.

Alafu inua macho juu kabisa, kwenye ukingo wa paa. Matofali! Matofali ya kuchoma, mekundu. Leo tofali ni kitu cha kawaida lakini miaka ile ya 1430 sehemu zile za Oxfordshire tofali lilikuwa fasheni mpya, kitu cha kumuonyesha mgeni. Lilifikaje huko? Bwana mwenye jengo, William de la Pole, ambaye baadaye alikuja kuwa Duke wa Suffolk, ukoo wake ulianza kama wafanyabiashara wa sufu mji wa bandari wa Hull, na Hull ni moja ya miji ya mwanzo Uingereza kujenga kwa matofali kwa wingi, alafu mashamba yake makubwa yalikuwa huko mashariki, Suffolk, ambako nako tofali lilikuwa linashika kasi. Kwa hiyo ukisimama hapo nje unasoma ukoo wa mtu juu ya ukingo wa paa kabla hujaingia hata mlangoni.

Madirisha nayo yaangalie. Ni mapana, na vile viguzo vyembamba vya mawe vinapanda wima toka chini mpaka vinaingia kwenye tao lenyewe. Huo ni mtindo Waingereza waliubuni wenyewe kuanzia kwenye miaka ya 1330 na ukawatawala mpaka kwenye miaka ya 1530, karibu miaka 200, lengo lao ukuta upungue kioo kiongezeke. Hapa niseme kitu pembeni kidogo, wasomaji wenu wanaodhani haya mambo hayawahusu waangalie madirisha ya makanisa mengi ya Anglikana huku kwetu, lile tao lenye ncha juu. Karne ya 19 Waingereza walirudi kuiga makanisa yao ya zamani, na wamisionari wakaja na ramani hizo kichwani, kanisa la Mkunazini pale Unguja ambalo ujenzi wake ulianza 1873 kwenye eneo lililokuwa soko la watumwa lina matao ya namna hiyo, limechanganywa na mambo ya pwani. Sisi tumekulia ndani ya nakala, basi tuone na chenyewe kilichonakiliwa.

Ingia ndani. Kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba hakuna lile tao kubwa la mawe linalotenganisha sehemu ya waumini na sehemu ya madhabahu, paa linakwenda moja kwa moja, kinachogawa ni uzio wa mbao iliyochongwa tu, kwa hiyo jicho linakimbia mpaka mwisho bila kizuizi. Upande wa nyuma kuna bakuli la mawe la ubatizo, pembe nane, na juu yake kifuniko cha mbao kirefu kuliko mtu, zaidi ya mita 3, kimechongwa vidirisha juu ya vidirisha vikipungua kuelekea juu, kileleni kasimama malaika Mikaeli. Sasa kitu kizito hivyo kasisi atakiinuaje kila mtoto akija kubatizwa? Wameweka kamba na kitu kizito cha kusawazisha upande wa pili, na hata kitu hicho wakakichonga umbo la waridi. Mi vitu kama hivi ndo vinanimaliza, kipande ambacho kazi yake ni uzito tu, mtu kakaa chini akakichonga ua.

Twende kwenye makaburi sasa, maana hapo ndo kwenye ugomvi wangu na mwandishi wenu.

Kaburi la kwanza ni la Thomas Chaucer, aliyefariki 1434, mtoto wa Geoffrey Chaucer yule mshairi mkubwa kabisa wa Kiingereza cha zama za kati. Thomas hakuwa mshairi, alikuwa mwanasiasa, kawa Spika wa Bunge mara 5, na kijiji cha Ewelme hakukipata kwa jasho lake bali kwa mkewe, Matilda Burghersh, ndiye aliyekuwa na urithi wa ardhi ile. Kaburi lao ni sanduku la jiwe, juu yake wamelazwa wote wawili kwa bamba la shaba, yeye kavaa deraya na miguuni kuna mnyama wa hadithi mwenye pembe moja, mke kawekewa simba. Pembeni mwa sanduku kuna ngao 24 zenye nembo za koo, zote za ndugu na wakwe, na wakwe wenyewe si mchezo, mama yake Thomas alikuwa dada wa mwanamke aliyeolewa na John wa Gaunt, mtoto wa mfalme. Hapa nakubali, mwandishi wenu kashinda. Ngao 24 ni kujitapa tu, ni mtu anakwambia unamjua shemeji yangu ni nani.

Ila geuka upande wa pili kidogo, kwenye tao kati ya madhabahu na kanisa dogo la pembeni la Yohana Mbatizaji. Hapo kuna kaburi la binti yao, Alice, Duchess wa Suffolk, mke wa yule William de la Pole, aliyefariki 1475 akiwa na miaka 70 hivi. Mhariri, mi nimeona makaburi mengi huku, hili halina mfano wake.

Lina ghorofa tatu. Juu kabisa Alice kalala, sanamu ya alabasta, lile jiwe laini jeupe linalochimbwa maeneo ya katikati ya Uingereza, ambalo likitoka ardhini linachongeka kwa urahisi na ukilisugua linapata mng'ao wa ngozi ya mtu. Kavaa taji lake la u-duchess, lakini nguo ni za mjane, za heshima, hazina makuu. Uso ni wa mama mtu mzima, mashavu yameshuka kidogo, hawakumfanya msichana. Malaika wadogo wanamshikia mto wa kichwa. Na kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kafungwa mkanda wa Nishani ya Garter, nishani ya juu kabisa ya wafalme wa Uingereza, ambayo wanawake waliopewa enzi zile walikuwa wachache, na waliochongewa makaburini ni wa kuhesabu vidole. Wenyeji wanasimulia kwamba Malkia Victoria alipotawazwa hakukuwa na mtu anayejua mwanamke anavaaje ile Garter, wanaume wanaifunga mguuni chini ya goti, yeye angeifunga wapi, basi wakatumwa watu waende kuangalia mkono wa Alice. Iwe kweli iwe chumvi, mkono upo pale na mkanda upo.

Ghorofa ya kati ni sanduku lenyewe lenye mwili, pembeni limezungukwa na malaika walioshika ngao.

Ghorofa ya chini, usawa wa sakafu, kuna vitundu vya nakshi, na ukichungulia ndani unamkuta Alice tena. Safari hii kafa kweli. Mbavu unazihesabu moja moja, ngozi imeingia kwenye mifupa, shingo imekuwa kamba tupu, nywele ndefu zimeanguka nyuma, sanda imefunguka na mkono mmoja umeishika isimwache uchi kabisa. Nayo ni alabasta, nayo imechongwa kwa umakini ule ule wa juu, yaani fundi hakuchoka alipofika chini ambako ni shida kuona. Kawekwa pale kwa makusudi na watu wa enzi zile walikuwa na desturi hiyo, hasa maaskofu na mabwana wakubwa, wakuone juu na taji, wakuone chini utakavyokuwa.

Na haijaisha. Ile dari ya chumba cha chini, yaani upande wa chini wa jiwe lililo juu ya maiti, imepakwa picha za rangi. Malaika akimletea Maria habari, Yohana Mbatizaji, Maria Magdalena. Picha hizo huzioni ukisimama, huzioni ukipiga magoti, mpaka ulale chali sakafuni uingize kichwa karibu na vile vitundu ndo unapata kipande. Zimepakwa kwa ajili ya mmoja tu, yule maiti wa alabasta aliyelala anaziangalia toka karne ya 15.

Sasa naomba mwandishi wenu anijibu, mtu wa kujionyesha analipa mpaka rangi mahali ambapo jicho la mtu halifiki? Mi naona pale kulikuwa na woga. Woga wa toharani, kule roho inakoteseka ikitakaswa kabla ya kuingia mbinguni, ambayo kwa Wakristo wa enzi zile haikuwa nadharia, ilikuwa mahali, na muda wako wa kukaa huko ulipungua kadiri watu walivyokuombea. Na Alice alikuwa na mambo ya kuogopa, tusimfanye mtakatifu. Yeye na mumewe walikuwa wakali wa ardhi, wakigombana na majirani kwa mashamba, na mwaka 1465 watu wa familia yake walivamia nyumba ya akina Paston, familia waliyogombana nayo kwa ardhi huko Norfolk, wakaibomoa na kupora, kanisa la pale nalo halikupona. Mumewe huyo William, ambaye alikuwa wa tatu, maana wa kwanza alikufa 1415 kwenye vita ya Harfleur Ufaransa Alice akiwa bado mtoto kabisa na wa pili akauawa na mzinga pale Orléans mwaka 1428, aliishia vibaya kuliko wote. Wananchi walimlaumu kwa kupoteza Normandy, jimbo la Ufaransa lililokuwa mikononi mwa Waingereza, bunge likamshtaki, mfalme akampeleka uhamishoni kumwokoa, meli yake ikakamatwa baharini Mei 1450 akakatwa kichwa ndani ya mtumbwi, mwili ukatupwa mchangani Dover. Baadaye bunge likataka na Alice mwenyewe afukuzwe kwa mfalme. Hakuondoka kwenye mchezo, alipanga upya, akamwoza mwanae kwa dada wa mtu aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Nne, na uzeeni akakabidhiwa ulinzi wa Malkia Margaret, mama ambaye zamani alikuwa rafiki yake wa ikulu na sasa alikuwa mfungwa. Mwanamke wa kazi huyu. Sasa mtu mwenye historia hiyo akijichongea maiti, mi namwamini kwamba anamaanisha.

Lakini sababu kubwa ya kuandika barua hii bado sijaifikia, nayo iko nje ya mlango wa magharibi. Ukitokea chini ya mnara kuna ngazi zinashuka, unaingia kwenye ua mdogo wa mraba uliozungukwa na vyumba, mbao na matofali, na kibaraza chenye paa kinazunguka ndani. Hiyo ni nyumba ya wazee maskini. Mwaka 1437 William na Alice walipata kibali cha Mfalme Henry wa Sita, wakaianzisha kwa ajili ya wanaume maskini 13 na mapadri wawili, mmoja wa kuisimamia na mwingine wa kufundisha watoto, na mteremko ukishuka tena kidogo unakuta shule yenyewe, matofali matupu. Kanisa juu, wazee katikati, shule chini. Na hela ya kuendesha hawakuacha kwenye sanduku, waliandika mashamba matatu makubwa, Marsh Gibbon, Conock na Ramridge, kila moja mkoa tofauti, kodi ya ardhi ile iwe inalisha ile nyumba milele.

Wazee wale hawakukaa bure. Kengele ikigonga wanapanda ngazi kwenda kusali, mara kadhaa kwa siku, wanamwombea mfalme, wanawaombea waanzilishi, na kanuni zikawaelekeza wasimame kwenye kaburi la Thomas na Matilda wawaombee pia. Mmoja wao alikuwa na kazi ya kupiga kengele na kuangalia nani hajaja, na asiyekuja anakatwa posho. Kwa hiyo ukiyaangalia makaburi yale peke yake unaona mawe, lakini yaliwekwa pale yawe mbele ya macho ya wazee 13 kila siku ya Mungu. Mkataba kabisa: mimi nakupa chumba, chakula na joto, wewe niombee. Tajiri anamhitaji maskini kuliko maskini anavyomhitaji tajiri, maana maskini chakula anaweza kuomba kwingine, ila tajiri akishakufa hana pa kwenda. Hilo ndilo mwandishi wenu angeliona kama angeshuka ngazi.

Na angalieni kilichofuata. Miaka ya 1530 na 1540 Uingereza ikaachana na Papa, na mwaka 1547 sheria ikafuta taasisi zote za kuombea wafu, mali zikachukuliwa na serikali, mapadri wakapewa pensheni wakaenda zao. Ewelme maombi ya wafu yakaisha lakini nyumba haikufungwa, wazee wakabaki. Ukoo wenyewe ulikuwa umeshaondoka: mjukuu wa Alice aliyetazamiwa kuwa mrithi wa Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani Stoke mwaka 1487, ndugu yake Edmund akakatwa kichwa 1513, mwingine, Richard, akafa vitani Pavia Italia 1525, na huo ndo ukawa mwisho wa madai yao ya kiti cha ufalme. Jumba lao la kifahari pale kijijini likachukuliwa na mfalme, leo kimebaki kipande tu kimegeuzwa nyumba. Mwaka 1617 Mfalme James wa Kwanza akaunganisha usimamizi wa ile nyumba ya wazee na kiti cha profesa wa tiba wa Oxford, jambo ambalo mi naliona ni akili, wazee wamepata daktari. Na leo, Mhariri, leo hii ninavyoandika, wazee wanaishi mle ndani, vyumba vimeunganishwa vikawa vikubwa zaidi na vina maji ya moto, mfuko wa waanzilishi bado upo, na ile shule ya matofali watoto wa kijiji bado wanasoma. Ikulu imeanguka, sadaka imesimama. Jengo gani hapo limekufa?

Kuna swali watu wananiuliza, makaburi haya yaliponaje wakati wa vita ya bunge na mfalme miaka ya 1640, maana Wapuriti, wale Waprotestanti wa msimamo mkali waliochukia sanamu, walivunja malaika na vioo vya rangi makanisa mengi, huko Suffolk na Cambridgeshire alikuwepo mtu mmoja William Dowsing aliyepewa kazi hiyo rasmi akapita makanisa zaidi ya 200 akivunja. Ewelme wanamshukuru mwenyeji wao, Kanali Francis Martyn, aliyekuwa upande wa bunge lakini akawakatalia askari kuingia kuharibu. Vioo vya rangi vingi vimepotea hata hivyo, vimebaki vipande vimekusanywa kwenye dirisha moja la kanisa dogo, lakini malaika wa mbao wako juu na mabawa yao na Alice ana pua yake, kitu ambacho sanamu nyingi za Uingereza hazina.

Kuhusu waumini, ni kweli Jumapili hawajai, hilo silibishi. Ila mwandishi angewaambia wasomaji pia nani anayalipia haya majengo. Kanisa la Anglikana la Uingereza lina makanisa kama 16,000, zaidi ya 12,000 yamewekwa kwenye orodha ya kulindwa kisheria, na serikali haiyalipii matengenezo ya kila siku, mzigo ni wa halmashauri ya parokia, yaani wale wale wazee kumi na kitu unaowaona Jumapili ndo wanatafuta hela ya bati la risasi linalovuja, wanauza keki, wanaomba ruzuku, wanapanda ngazi kusafisha mifereji majani yasizibe. Mi kama fundi nakwambia jengo la mawe haliuliwi na vita, linauliwa na mfereji ulioziba. Watu wanaosafisha mifereji ya jengo la miaka 590 hawastahili kuitwa waumini hakuna.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkiandika tena kuhusu safari za Uingereza, msiishie London. Mkitaka kitu cha kifahari zaidi kuliko Ewelme basi mpelekeni msomaji Warwick, kanisa la Mtakatifu Maria, akaone kaburi la Richard Beauchamp aliyefariki 1439, sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, mikono ina mishipa unaiona, na pale mikataba ya mafundi imesalia kwa hiyo tunawajua kwa majina, William Austen wa London ndiye aliyemimina shaba, John Prudde wa Westminster ndiye wa vioo, na mkataba wake wa 1447 ukamkataza kabisa kutumia kioo cha Uingereza, alete cha ng'ambo. Unaona, hata wao walikuwa wanadharau cha nyumbani. Lakini Warwick ni pa kulisha macho. Ewelme ni pa kukaa.

Na nyie wanafunzi mlioko Oxford, msisingizie assignment. Nendeni mchana kabla jua halijazama, bebeni tochi yenye mwanga mdogo kwa ajili ya zile picha za chini, msiguse alabasta kwa mikono maana mafuta ya vidole yanaitia doa lisilotoka, wekeni hela kwenye kisanduku cha mlangoni, na vaeni nguo ambayo hamuionei huruma, kwa sababu mtalala sakafuni.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Reading, Uingereza